Benki Walisema Sipo

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Asifiwe tena, maana ile ya kwanza wengine mmeitikia mkiangalia simu!

Ndugu zangu, mimi ni Mama Tabitha. Wengi mnaniita Mama Vichwa, yule wa Kiamaiko anayenuka moshi hata akioga mara mbili. Nimeandika ushuhuda huu kwa karatasi ili Pasta ausome, kwa sababu nikisimama hapo mbele nitalia, na kulia nimemaliza. Mkono wangu si wa mtu wa shule. Niliachia darasa la nne kule Singida, Tanzania. Kwa hivyo Pasta akikwama mahali msimcheke yeye, nichekeni mimi.

Pasta aliniambia, "Mama Tabitha, shuhudia, lakini majina ya watu tuyaache." Nikamwambia, Pasta, Mungu hakunitoa kwa upepo. Alinitoa mkononi mwa mtu, na huyo mtu ana jina. Ni Shemasi Josphat Muriuki. Ndio, huyo wa kupanga viti. Pasta, hapo usiruke.

Mimi nilikuja Nairobi nikimfuata mume wangu Yohana. Alikuwa analeta vitunguu kwa lori kutoka kwetu, akaona huku kuna soko, akasema tuhamie. Tukapanga chumba Huruma. Hata mwaka haujaisha akashikwa na kifua, akaenda mbele za haki. Vitunguu viliishia kwenye jeneza, ndugu zangu. Nikabaki na Tabitha, na jiko, na kibali cha mpakani kilichokuwa kinakaribia kuisha. Nikiongea watu wanacheka. Naenda dukani nasema, "Naomba sukari," mwenye duka anaita wenzake, "Kujeni mskie, huyu ananiomba!" Nyumba ya Huruma tukafukuzwa, tukaenda Mathare, ya Mathare ikabomolewa, tukaenda Kariobangi. Mtoto wangu akajifunza kufunga vyombo kabla hajajifunza kuvipanga.

Ndipo nikaenda Kiamaiko kutafuta kazi ya vichwa.

Kwa wasiojua: mbuzi wakichinjwa pale, kichwa na miguu hubaki na nywele zake. Mtu anavinunua, anavibabua juu ya moto, anakwangua kwa kisu, anaosha mpaka vinakuwa vyeupe, halafu anawauzia kina mama wa supu. Ni kazi ya moshi. Macho yanawaka, mikono inapasuka. Wengi hawaitaki, na ndiyo maana nafasi ilikuwepo.

Mwenye vichwa ni mzee mmoja Mborana, Mwislamu, anaitwa Guyo. Hapa nataka msikie desturi yao, kwa sababu Mungu aliitumia. Mbuzi mgeni akiletwa sokoni pale, hachinjwi hivi hivi. Anaweza kuwa wa wizi. Guyo anasimama na fimbo yake, anauliza kwa sauti, "Huyu nani anamjua?" Hawamuulizi mbuzi, mbuzi atasema nini? Wanaangalia watu. Kama kuna mtu anayejulikana akisema, "Mimi namjua, namjua na aliyemleta," basi anapokelewa. Kama soko limenyamaza, arudi alikotoka.

Siku ya kwanza nilipofika, Guyo akaniangalia, akauliza vile vile. "Huyu mama nani anamjua?"

Soko likanyamaza.

"Kichwa hapana," akaniambia. "Kichwa napea mtu najua. Wewe chukua miguu."

Nikachukua miguu. Nikababua miguu mpaka nikaota kwato. Asubuhi nachukua kwa mdomo, hakuna kuandikiana, mchana narudisha pesa yake. Ilipofika wakati akaniongezea kichwa kimoja, akasema, "Wewe ukipotea na hii, nitakupata wapi?" Nikamwambia, "Fuata moshi, mzee." Akacheka. Tangu siku hiyo napewa vichwa.

Sasa wateja wangu, kina mama wa supu, wakataka kulipa kwa simu. Nairobi hakuna mtu anatembea na pesa. Na laini ya simu inataka kitambulisho, na mimi sina. Ndipo akaja Shemasi Josphat. Sitasema uongo, kwa msiba wa Yohana alisimama na sisi. Akaniambia, "Dada, usihangaike. Nitakuandikishia laini kwa jina langu. Sisi ni mwili mmoja." Nikalia kwa furaha. Nikapiga magoti!

Wageni wenzangu mnajua kosa hilo. Mtanzania, Mganda, Mkongo, Mrundi, wote tunalifanya. Tunafika, tunaazimwa laini, tunasema nikipata karatasi nitabadilisha. Halafu wateja wanaizoea namba. Nikienda kutoa pesa kwa wakala ananiuliza namba ya kitambulisho, nataja ya Josphat. Niliijua kwa moyo kuliko Zaburi yoyote. Baadaye nilipata kitambulisho cha mgeni, halali kabisa, nikamwambia, "Shemasi, twende tubadilishe jina." Akasema, "Ukibadilisha jina laini itafungwa, na pesa yako imo ndani. Acha tu." Nikaacha. Mimi ni mtu wa darasa la nne, yeye ni shemasi.

Mungu akatufungulia nyumba Umoja. Vyumba viwili, kiuwanja nyuma, mwenye nyumba ni Mzee Gathogo, mjane kama mimi. Kwa mara ya kwanza tangu tuje Kenya hatukufunga vyombo. Tabitha akapanda sukuma wiki kwenye ndoo. Akabandika ratiba yake ya masomo ukutani kwa gundi, si kwa kipande cha plasta. Nilipoiona ile gundi nilienda chooni nikalia, kwa sababu mtoto anayejua atahama habandiki kwa gundi.

Basi asubuhi moja Mzee Gathogo akanikuta naanika nguo. "Mama Tabitha, mimi nimechoka na Nairobi. Narudi Murang'a kwa kahawa yangu. Hii nyumba nauza. Wewe ndiye uko ndani, naanza na wewe."

"Mzee, nipe muda niende benki."

"Nenda. Lakini sina muda mwingi, mimi si kijana. Yule atakuja na jibu la benki kwanza, huyo ndiye mwenye nyumba."

Nikavaa gauni la Pasaka, nikaenda. Nilikuwa na akiba ya kuanzia. Nilikuwa na biashara ambayo haijawahi kulala, mvua ama jua. Kijana wa benki, tai shingoni, akachukua kitambulisho changu, akabonyeza, akabonyeza tena.

"Mum, hauko."

"Siko wapi? Si niko hapa mbele yako?"

"Kwa mtambo hauko. Hujawahi kukopa, hujawahi kulipa, hakuna pesa imewahi kupita kwa jina lako. Ni kama umezaliwa leo."

Nikatoa simu. Nikamwambia angalia hapa, pesa inaingia na kutoka kila siku. Akaangalia, akanirudishia polepole. "Mum, hii laini ni ya Josphat Muriuki. Hii historia ni yake."

Ndugu zangu! Jasho langu lote la Kiamaiko lilikuwa limeandikwa kwa mtu ambaye hajawahi kushika hata ukwato!

Nikasema si kitu, Shemasi ni mtu wa Mungu, atakuja anisemee. Nikaenda kwake. Akanisikiliza, akakuna kidevu. "Dada, mambo ya benki ni mazito. Kwanza mgeni haruhusiwi kununua nyumba Kenya. Ukijitokeza sana watakurudisha kwenu. Kaa kimya, mimi nitakuombea."

Nikaogopa, lakini sikukaa kimya. Nilienda benki ya pili, wakanijibu yale yale. Nikaenda ya tatu, askari wa mlangoni akasema, "Mama, harufu." Nikapata na dalali mmoja, Tito, ana kiti chake pale sokoni Umoja. Alinilia pesa ya soda na ya nauli na ya "kuongea na mtu wa ndani," na huyo mtu wa ndani sijamwona mpaka leo. Tito, kama uko hapa leo, nakusalimia pia!

Halafu siku moja Mzee Gathogo akaniita. Hakuniangalia machoni. "Mama Tabitha, kuna mtu wa kanisa lenu amekuja. Anataka nyumba. Anasema benki imebakisha kidogo tu imkubali."

"Nani, mzee?"

"Josphat."

Nilikaa chini pale pale kwenye ndoo ya sukuma wiki. Ndiyo, niliikalia. Nikaelewa yote. Shemasi alichukua ile historia ya laini, akaenda nayo benki, akasema yeye ndiye muuza vichwa wa Kiamaiko. Moto wangu, moshi wangu, vichwa vyangu, vilikuwa vinaenda kumnunulia yeye nyumba ninayolala mimi na mtoto wangu!

Nilimkuta hapa hapa kanisani, anapanga viti. Nikamwambia, "Josphat." Sikusema Shemasi. "Unanunua nyumba yangu na jasho langu?"

Akaendelea kunyoosha mstari wa viti. "Laini ni yangu. Uliza mtu yeyote, uliza serikali. Mimi nilikusaidia, ndio unanishukuru hivi?"

"Na jasho?"

"Jasho halina jina, dada."

Hivyo ndivyo alivyosema. Jasho halina jina. Halafu akaniuliza kama Jumapili nitaleta chapati za ushirika wa kina mama.

Nilienda Kiamaiko na hasira hiyo, nikawasha moto na hasira hiyo. Nikafunga, sikula. Nikaomba nikiwa nakwangua, kisu mkononi, na maombi yangu hayakuwa mazuri. Nilimwambia Mungu, "Wewe unanijua, ama na Wewe unaangalia mtambo? Kama unanijua, sema. Nimechoka kunyamaziwa." Na nilikuwa nimekata shauri. Hata kama nyumba ikienda, nitasajili laini yangu kwa jina langu na nianze tena na miguu kama siku ya kwanza. Huyo mtu hatanirudisha Singida. Nitazeeka hapa hapa, na nitanunua, hata kama ni choo!

Laini yake bado ilikuwa kwenye aproni yangu. Hakuifunga. Kwa nini? Kwa sababu alitaka pesa iendelee kupita humo mpaka benki imalize. Ujanja wake ndio kitanzi alichojifunga.

Ikalia.

"Haloo, naongea na Bwana Josphat?" Sauti ya msichana.

"Hapana. Hii ni Mama Tabitha."

"Naitwa Nekesa, natoka benki. Bwana Josphat alipokuja ofisini tulipanga tukutane mchana, lakini nimefika mapema. Niko hapa Kiamaiko, natafuta biashara yake ya vichwa."

Mungu ni mkuu, jamani! Mchana huwa nimeshamrudishia Guyo pesa yake, niko njiani kwenda nyumbani, na Josphat alilijua hilo. Josphat aliandika ile namba kwa karatasi za benki, akasahau kwamba simu ikilia hailii mfukoni mwake. Inalia kwangu!

Nikamwambia, "Binti yangu, fuata moshi."

Akaja anaruka damu na viatu vyake vya kisigino, mkoba ameubana kwapani. Vijana wa kuchuna ngozi wakaanza, "Madam, hizo viatu zitabaki huku!" "Madam, umekujia mbuzi ya mahari?" Akafika kwangu, akaangalia moto, akaangalia vichwa vimepangwa, akaniangalia mimi.

"Hii biashara ni ya nani?"

"Yangu."

Hakuniamini, na sikumlaumu. Kazi yake ni kutoamini. Akapiga ile namba mbele yangu, aproni ikalia. Akaniuliza natoa pesa vipi. Nikamtajia namba ya kitambulisho cha Josphat, kutoka mwanzo mpaka mwisho, bila kuvuta pumzi. Nikamtolea na changu mwenyewe. Yule binti akalinganisha na karatasi zake.

Na hapo hapo, ndugu zangu, Josphat akatokea! Anakimbia, jasho linamtoka, amevaa aproni mpya, nyeupe, mikunjo ya dukani bado iko. Mkononi ana kisu cha mkate. Akamwona binti wa benki, akatabasamu kama siku ya sadaka. "Aa, umefika mapema! Karibu kwa biashara. Huyu ni mfanyakazi wangu."

Kabla sijafungua mdomo, Guyo akaja na fimbo yake. Alikuwa ametuangalia tu wakati wote huo. Akamzunguka Josphat polepole vile anavyozunguka mbuzi. Akainua sauti, soko lote likasikia.

"Huyu nani anamjua?"

Kimya. Wachinjaji kimya. Kina mama wa supu kimya. Hata wale vijana walinyamaza, na hao hawanyamazi hata kwa msiba.

"Hakuna?" Guyo akanigeukia. "Na huyu mama?"

Ndugu zangu, nisikilizeni. Mama Supu wa Mathare North alikuwa wa kwanza. "Mimi namjua!" Halafu mchuna ngozi, "Huyu ni mathe yetu, tunamjua!" Halafu mwingine, na mwingine, mpaka nikashindwa kusikia ni nani anasema. Guyo akapiga fimbo chini. "Na mimi namjua. Alianza na miguu. Hakuna siku ametoroka na kichwa changu. Wewe msichana ya benki, andika hiyo."

Josphat akasema kwa sauti ndogo, "Jamani, mimi ni mtu wa kanisa." Akaniangalia mimi. Sasa macho yake ndiyo yalikuwa ya mgeni.

Nilikuwa na kisu mkononi. Shetani alikuwa karibu kuliko Guyo. Ningeweza kunyamaza na soko, ningeshiba kisasi. Lakini neno lilitoka, na mimi najua si langu. Nikasema, "Mimi namjua. Ni shemasi wetu. Alinisaidia kumzika mume wangu. Lakini kubabua, hajawahi."

Soko likacheka mpaka mbuzi wakalia. Josphat akavua ile aproni, akaikunja vizuri, akaenda zake. Mpaka leo hajanisalimia.

Msifikiri nyumba ilikuja kesho yake. Binti Nekesa aliniambia ukweli. "Mum, siwezi kukupa historia yake. Lakini naweza kuanza yako." Akanieleza pia kwamba mgeni anaruhusiwa kununua nyumba iliyo kwenye ardhi iliyokodishwa na serikali, na ile ya Umoja ni ya namna hiyo. Kumbe hata kile kitisho kilikuwa uongo! Nikasajili laini yangu siku hiyo hiyo, kwa jina langu lote, mpaka la babu. Guyo alikuja benki na kanzu safi, na kina mama wa supu na vitenge vyao, wakaulizwa mmoja mmoja. Mzee Gathogo, ambaye Josphat hakuwa tena na jibu la kumletea, alikuja akasema huyu mama kodi yangu hajawahi kulala nayo. Nikamlilia anisubiri. Akanung'unika, akasema kahawa inaiva, akanisubiri. Walinikatalia mara moja. Nikarudi. Wakanipunguzia mkopo, wakataka akiba zaidi. Nikauza mpaka cherehani. Nikarudi tena, mpaka yule askari wa harufu akawa ananifungulia mlango kabla sijafika.

Na leo, kwa jina la Yesu, mimi Mama Tabitha naandika nikiwa nimekaa mezani kwangu, Umoja, nyumbani kwangu! Deni liko, tena kubwa, nitalilipa mpaka nywele ziwe nyeupe kama vile vichwa. Lakini deni lina jina langu! Sijawahi kuona mtu akifurahia deni, ila mimi nalifurahia, kwa sababu nikifungua mtambo wao sasa, niko!

Nakushukuru Mungu, Wewe huangalii mtambo. Nawashukuru Waislamu wa Kiamaiko, walionijua wakati kanisa langu lilikuwa linapanga viti. Hiyo iwachome kidogo, si vibaya.

Josphat, nimekusamehe. Nimeamriwa, nimetii. Moyo utafuata nyuma, unatembea polepole, una miguu mibaya. Laini yako nimeiweka ndani ya bahasha hii, Pasta atakupa sasa hivi mbele za watu. Usiitupe. Wateja wengine bado wanaipiga. Ikilia, pokea, uwaambie Mama Tabitha ana namba yake.

Na wewe mgeni mwenzangu, uliyekaa nyuma kule karibu na mlango ili ukiitwa uweze kutoka haraka. Unaishi kwa laini ya mtu, kwa jina la mtu, unaogopa kuuliza. Nilikaa hicho kiti. Mtegemee Bwana, kisha usimame ufuate chako, kwa sababu Yeye alikujua kabla hujavuka mpaka, na hakukuleta mpaka hapa uitwe mfanyakazi wa mtu kwenye moto wako mwenyewe. Ibada ikiisha nitakuwa pale getini na Tabitha, na kesho asubuhi twende pamoja kusajili laini yako. Njoo na karatasi yoyote uliyonayo. Wakiuliza nani anakujua, usitetemeke.

Nitakuwa nimesimama nyuma yako, na nitasema, mimi namjua.